Kid Dynamite: Saksafoni ya Paramaribo Mjini Amsterdam

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika.

Wapenzi wa jazi nchini Uholanzi walimjua kwa jina la Kid Dynamite. Jina alilozaliwa nalo ni Lodewijk Rudolf Arthur Parisius. Alizaliwa Paramaribo mwaka 1911, Suriname ikiwa bado koloni la Uholanzi. Utumwa ulifutwa kule mwaka 1863, kwa hiyo alipokuwa mtoto walikuwapo wazee waliozaliwa utumwani. Jambo hilo naomba mlikumbuke.

Alivuka bahari akiwa kijana, akawa mpigaji saksafoni ya tena (tenor). Katika miaka ya 1930 wenye kumbi za starehe Uholanzi walimtaka mwanamuziki Mweusi, lakini awe Mmarekani, au angalau afanane naye. Ndiyo maana Wasuriname wengi walijipa majina ya Kimarekani. Theodoor Kantoor, mpiga tarumbeta hodari, akawa Teddy Cotton. Coleman Hawkins mwenyewe, Mmarekani aliyevuma kwa saksafoni ya tena, aliishi Ulaya kuanzia 1934 hadi 1939 na alipiga sana Uholanzi, basi kila mwenye saksafoni ya tena alipimwa kwake.

Kisha ukaja uvamizi wa Wajerumani, 1940. Wanazi waliidharau jazi kwa sababu ya asili yake kwa Wamarekani Weusi, wakaiwekea vikwazo.

Vita vilipokwisha, Kid Dynamite alikuwa akipiga Casablanca, klabu ya mtaa wa Zeedijk, Amsterdam. Hapa ndipo ninapompenda zaidi. Alichukua nyimbo za kwao na mdundo wa kaseko, muziki wa dansi wa Suriname, akavitia ndani ya jazi. Kaseko ina skratji, ngoma kubwa yenye toazi la shaba juu yake. Mwimbaji huanzisha, wenzake humwitikia, na vyombo vya kupuliza hujibizana nao. Mtu aliyeajiriwa aige Marekani akawachezesha Waholanzi muziki wa vizazi vya watumwa wa koloni lao wenyewe! Kwangu mimi, hilo ni kubwa kuliko sifa yoyote ya kufananishwa na Hawkins.

Alifariki mwaka 1963 kwa ajali ya gari nchini Ujerumani, akiwa na umri wa miaka hamsini na ushei. Suriname ilipata uhuru mwaka 1975. Wakati huo Ronald Snijders, mpiga filimbi aliyezaliwa Paramaribo mwaka 1951, alikuwa tayari Uholanzi, naye akaendelea kuunganisha kaseko na jazi, safari hii kwa jina lake mwenyewe.