Mwanga Unavyopinda Ndani ya Prizimu: Tuupime kwa Pini Nne

Karibuni. Leo tunapima mwanga unapinda kiasi gani ukipita kwenye prizimu ya kioo, ile ya pembetatu yenye nyuzi 60 kila pembe. Andaa karatasi nyeupe nne au tano, ubao laini au kadibodi nene, pini nne ndefu, rula, protrakta na penseli iliyochongwa vizuri. Giza halihitajiki. Fanyia mezani karibu na dirisha.

Bana karatasi juu ya ubao, laza prizimu katikati, uchore mzingo wake. Ondoa prizimu kwanza. Ncha ya juu iite A, na zile mbili za chini B na C. Upande BC ndio kitako, ukumbuke, maana tutautaja sana.

Sasa tafuta katikati ya upande AB, weka nukta O, kisha upitishe hapo mstari unaokutana na AB kwa nyuzi 90. Kutoka kwenye mstari huo, nje ya prizimu, pima nyuzi 40 kuelekea upande wa kitako. Angalia mkono wangu: nashuka chini, sipandi kuelekea A. Ukipandisha, mwali utakwenda kugonga kitako na utabaki unatafuta pini zisizoonekana. Chora mstari hadi O. Huo ndio mwali unaoingia.

Chomeka pini mbili juu ya mstari huo, ziachane sentimita 5 au zaidi. Zikikaribiana sana, kosa dogo la jicho linakuwa kosa kubwa la pembe. Rudisha prizimu ndani ya mchoro wake, ikae sawasawa.

Hapa ndipo penye kazi. Nenda upande wa AC, inamisha kichwa mpaka jicho liwe usawa wa karatasi, funga jicho moja, uchungulie ndani ya kioo. Sogea taratibu kuelekea kitako. Pini zitatokea mahali ambapo hukuzitarajia kabisa, na pembeni zitakuwa na michirizi ya rangi. Rangi hizo zisikuchanganye: zambarau inapinda zaidi kidogo kuliko nyekundu, basi kila rangi inatoka na njia yake. Mwaka 1666, kwa maelezo yake mwenyewe, Isaac Newton alijipatia prizimu kwa ajili ya kuzichunguza rangi hizo. Sisi leo tunazipita.

Sogeza jicho mpaka pini ya pili iifiche ya kwanza. Linganisha miguu ya pini, usilinganishe vichwa, kwa sababu pini ikiinama kidogo kichwa kinakudanganya. Chomeka pini ya tatu ili izifiche zile mbili, kisha ya nne iifiche ya tatu. Toa prizimu, unganisha matundu mawili ya mwisho hadi ukutane na AC, halafu unganisha nukta hiyo na O.

Tazama ulichopata. Mwali umepinda mara mbili, ukiingia na ukitoka, na mara zote umeelekea kitako. Ndani ya kioo mwanga unakwenda takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, wakati hewani ni 300,000. Ni kama mkokoteni unaotoka kwenye lami na kuingia mchangani kimshazari: gurudumu la kwanza linakwama, la pili bado linakimbia, mkokoteni unageuka. Ukiingia kichwa mbele, nyuzi 90 kamili, unapungua kasi bila kugeuka.

Tupime mchepuko. Refusha mwali ulioingia uende mbele, refusha uliotoka urudi nyuma, mpaka vikutane ndani ya mchoro. Pembe tunayoitaka ni ile ndogo, kati ya njia ambayo mwali ungeifuata na njia uliyoifuata. Protrakta ikikuonyesha kama 139, umesoma upande usio wake. Kwa kioo cha kawaida, ukiingia na nyuzi 40 utapata karibu 40 na nusu.

Chukua karatasi mpya, rudia kwa 35, 45, 50 na 60. Usianzie 20. Chini ya takribani nyuzi 30 mwanga ukifika AC haupenyi, unarudishwa wote ndani, na wanafunzi wengi hupoteza nusu ya kipindi hapo wakidhani prizimu ni mbovu.

Matokeo yako yatafanana na haya: 35 inatoa karibu 44, 45 inatoa 39 na kidogo, 50 inatoa 39, halafu 60 inapanda tena hadi 40 na nusu. Mimi sehemu hii ndiyo naipenda. Mchepuko unashuka, unafika chini kabisa, kisha unapanda. Pale chini, mwali ndani ya kioo unakwenda sambamba na kitako.

Chora grafu, soma mchepuko mdogo kuliko yote. Ujumlishe na 60, gawanya kwa 2, tafuta sine yake, kisha gawanya kwa sine ya 30. Kikokotoo kiwe kwenye digrii. Kwa 39, unapata sine ya 49.5 kugawanya kwa 0.5, yaani 1.52: mwanga hewani una kasi mara 1.52 kuliko ndani ya kioo hiki. Jibu likiwa kati ya 1.5 na 1.65, liandike. Likiwa nje ya hapo, rudia ile ya nyuzi 50, na safari hii inama zaidi.