Fumbo la feni: kutafuta bei kabla ya VAT

Habari zenu wapendwa, karibuni ubaoni. Leo tuna fumbo moja. Nalisoma: "Juma alinunua feni kwa shilingi 59,000, bei ikiwa pamoja na VAT ya asilimia 18. Tafuta bei ya feni kabla ya VAT." VAT ni kodi ya ongezeko la thamani, ile inayoongezwa juu ya bei ya bidhaa.

Nalisoma tena, polepole. Wanafunzi wangu nawazoeza kusoma fumbo mara mbili kabla ya kushika kalamu, maana chenga huwa ziko kwenye maneno, namba hazina shida. Hayo maneno "ikiwa pamoja na" yapigieni mstari. Mimi napenda mwekundu, wewe tumia wowote.

Tunachojua: bei aliyolipa, 59,000. Kiwango cha VAT, asilimia 18, kile cha kawaida cha Tanzania Bara. Tunachotafuta: bei ya kabla. Andika, twende.

Sasa hapa tulieni. Tulieni kabisa. Wengi wakiona 18 na 59,000 wanazidisha hapo hapo: asilimia 18 ya 59,000 ni 10,620. Wanatoa, wanapata 48,380, wanapiga mstari chini. Si jibu! Mwenye duka hakuanza na 59,000. Alianza na bei yake, akaongeza asilimia 18 ya bei hiyo, ndipo ikafika 59,000. Kwa hiyo usichukue asilimia 18 ya 59,000. Jiulize kwanza: mia ni ipi? Mia kwa mia ni bei ya kabla ya VAT. Ukiongeza 18, hii 59,000 inakuwa asilimia 118.

Subirini, mwanga wa dirishani unafuta namba zangu kwenye kamera. Nageuza ubao kidogo... bado... hapo. Mnaiona 118? Naizungushia duara, kwa sababu hesabu yote imekaa hapo.

Haya. Asilimia 118 ni shilingi 59,000. Asilimia 1 je? Gawanya 59,000 kwa 118: ni 500. Asilimia 100 ni 500 mara 100, yaani shilingi 50,000. Wapo wanaoandika kwa mkupuo, 59,000 mara 100 gawanya kwa 118, na ni sawa. Mimi napitia asilimia 1, hasa kwa wa darasa la saba, kwa sababu mtoto anaona kila shilingi inakotoka.

Usifunge daftari, tuhakiki. Asilimia 18 ya 50,000 ni 9,000. Jumlisha: 59,000. Imerudi pale pale. Sasa lihakiki na lile la 48,380: asilimia 18 yake ni 8,708 na senti 40, jumla inakuwa 57,088 na senti 40. Haifiki kwenye bei ya Juma. Uhakiki huu ni mstari mmoja tu, na kwenye mtihani hakuna wa kukusahihishia kabla hujakusanya karatasi.

Narudia kwa wazazi mnaowasaidia watoto jioni: mkiona "pamoja na", "baada ya punguzo" au "baada ya kupata faida", ulizeni mia ni ipi. Kwa mfano, kitenge kimeuzwa shilingi 15,000 baada ya punguzo la asilimia 25. Mia ni bei ya zamani, punguzo limeondoka, kwa hiyo 15,000 ni asilimia 75. Gawanya kwa 75, unapata 200, zidisha kwa 100: shilingi 20,000. Hapa tumegawanya kwa 75, si 125, kwa sababu bei ilishuka. Ikipanda unajumlisha kwenye mia, ikishuka unatoa. Tafadhali msichanganye.

Ndugu zetu wa Kenya, kwenu kiwango cha kawaida cha VAT ni asilimia 16, basi zoezi lenu hili: jiko la gesi limelipiwa shilingi 5,800 pamoja na VAT. Bei ya kabla ni ngapi? Andikeni jibu hapo chini, pamoja na njia. Jibu bila njia sisahihishi.