Pikipiki Haikai Sailensi, Ukiachia Resi Inazima: Tuitafute Sababu Pamoja

Habari zenu watazamaji, karibuni Tanga. Leo tupo Ngamiani, na pikipiki iliyo mbele yetu ni ya kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa, 125 cc, aina ambayo bodaboda wengi wa mji huu wanatafutia riziki. Ugonjwa wake ni kutokaa sailensi, yaani injini haiwezi kunguruma taratibu yenyewe ukiachia resi: ikiwa mwendoni haina tatizo. Ukifika njia panda ukaachia resi, inatetemeka, inakohoa, inazima. Unapiga kiki, inawaka. Ukiachia resi, inazima tena. Mwenye chombo anabaki katikati ya barabara na abiria mgongoni, na daladala linakuja nyuma. Ni hatari, ndiyo maana nimeona tuifanye kazi hii taratibu mbele ya kamera.

Kabla ya yote, toa mkono kwenye skrubu ya sailensi. Najua kila mtu hukimbilia hapo: anaikaza, injini inapiga kelele juu, haizimi tena, basi anaona imepona. Haijapona. Sasa inakunywa mafuta hata ikiwa imesimama, gia ya kwanza inaingia kwa kishindo, na sababu ya ugonjwa bado imo ndani. Skrubu hiyo tutaigusa, lakini mwishoni.

Sogeza kamera hapa kwenye kabureta. Ndani yake mna jeti kubwa na jeti ndogo, vipande vyenye tundu la kupitishia mafuta. Ukivuta resi, kazi kubwa inafanywa na ile kubwa. Ukiachia, injini inaishi kwa jeti ndogo peke yake, na tundu lake halifiki hata nusu milimita. Punje moja ya kutu inatosha kuliziba. Ndiyo sababu pikipiki inakwenda vizuri Barabara ya Pangani, halafu inakufa ikifika kwenye tuta.

Jaribio la kwanza halihitaji spana. Washa, iache ipate moto, halafu vuta choki kidogo, ile inayopunguza hewa ili mafuta yazidi. Ikitulia na choki, ukiirudisha inazima, basi mafuta ni machache au hewa ni nyingi: jeti ndogo imeziba, au kuna mahali inavuta hewa pembeni. Ukivuta choki ikazidi kuharibika, moshi mweusi, harufu ya petroli, basi mafuta ni mengi: chujio la hewa limejaa uchafu, choki haifungi sawasawa, au boya la kabureta linaruhusu mafuta kupita kiasi. Hapo umeshajua upande wa kuelekea, na hujatumia hata shilingi.

Sasa mafuta. Zima injini, asiwepo mwenye sigara karibu. Fungua skrubu ya chini ya kabureta, kinga mafuta kwa chupa safi inayopitisha mwanga, uiache itulie. Maji hukaa chini, petroli hukaa juu, mstari utauona. Huku pwani hewa ina unyevu, na tangi linalolala nusu tupu hukusanya matone ndani, kisha kutu. Wanaonunua mafuta ya chupa vijijini wawe waangalifu zaidi. Ukiona maji au vumbi jekundu, safisha tangi na chujio la koki (bomba la kufungia mafuta chini ya tangi) kwanza, la sivyo kabureta utakayoisafisha leo itaziba tena baada ya siku chache. Angalia na mfuniko wa tangi. Pikipiki ikizima baada ya mwendo, ukafungua mfuniko ukasikia hewa ikiingia, kisha ikawaka, tundu la kupumulia la mfuniko limeziba.

Plagi. Ifungue uitazame ncha yake. Rangi ya udongo ni nzuri. Nyeusi yenye masizi, mafuta mengi. Nyeupe, mafuta machache. Mwanya wake kwa pikipiki nyingi za aina hii ni karibu 0.7 mm, kitabu cha pikipiki yako ndicho cha mwisho. Kisha chungulia ndani ya kofia ya plagi. Ndugu zangu mnaobeba samaki kutoka Deep Sea, hapa nasema na ninyi: maji ya chumvi yakidondokea waya na kofia, shaba inaota ukijani, na cheche inadhoofika. Ikiwa hivyo, badilisha kofia.

Chujio la hewa ni kazi fupi. La sponji lifue kwa sabuni, likauke kabisa, lipake oili kidogo, ulikamue. La karatasi lipulizwe kutoka ndani kwenda nje. Likichoka, nunua jipya.

Sasa huu mpira unaounganisha kabureta na injini. Ukipasuka, au klipu ikilegea, hewa inaingia bila kupimwa. Dalili yake nyingine: ukiachia resi, injini inachelewa kushuka. Iache inguruma, unyunyizie maji ya sabuni kidogo kidogo kuzunguka mpira, ukiikwepa plagi na mdomo wa chujio. Injini ikibadili sauti, umeupata mwanya.

Tukifika hapa bila jibu, tunaifungua kabureta. Funga koki, mwaga mafuta yaliyobaki, itoe. Tafadhali zingatia hili: kabla ya kuitoa skrubu ya mchanganyiko, ile inayopanga kiasi cha hewa na mafuta injini ikiwa sailensi, ikaze taratibu mpaka iguse, huku ukihesabu mizunguko, uandike. Ukisahau, kianzio cha kawaida ni kati ya mzunguko mmoja na nusu na miwili na nusu, lakini namba yako mwenyewe ni bora. Usiikaze kwa nguvu, ncha yake ni laini.

Toa jeti ndogo, ielekeze angani, uchungulie. Lazima uone nukta ya mwanga, ya duara kamili. Usipoiona, loweka kwenye dawa ya kabureta kisha puliza kwa kompresa, na uvipulize vinjia vyote vya mwilini mwa kabureta pia. Usichokoe kwa waya wala sindano! Ukilipanua tundu, jeti hiyo haifai tena, na pikipiki itakula mafuta mpaka ununue nyingine. Nimeona jeti nyingi zilizouawa hivyo na watu wenye nia njema kabisa.

Rudisha kila kitu, fungua koki, angalia kama hakuna kinachovuja. Endesha mpaka Raskazone urudi, injini ipate moto wa kweli. Sasa ndipo zamu ya skrubu. Pandisha sailensi kidogo. Zungusha skrubu ya mchanganyiko robo robo, huku na huku, usikilize, uiache pale injini inapozunguka kwa kasi na utulivu zaidi. Kisha shusha sailensi mpaka karibu mizunguko 1,400 kwa dakika. Vuta resi, achia: ishuke mara moja na ikae. Geuza usukani kushoto na kulia. Resi ikipanda yenyewe, waya wa resi umekaza mno.

Kwa wanaopandisha abiria kutoka Mombo: Lushoto ipo zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini iliyopangwa huku chini itaonekana ina mafuta mengi. Usiipange ukiwa juu halafu ushuke nayo, kwa maana huku pwani itapungukiwa na kuanza kuzima.

Kama bado inazima, hasa ikishapata moto, fungua mfuniko wa valvu, vile vilango vya kuingizia mchanganyiko na kutolea moshi, asubuhi injini ikiwa baridi kabisa. Valvu iliyokaza haigongi, iko kimya, na ndiyo maana inasahaulika. Injini ikipata joto, valvu hiyo haifungi vizuri, na nguvu inavuja. Pikipiki nyingi za aina hii zinataka nafasi kati ya valvu na skrubu inayoisukuma iwe kati ya 0.05 na 0.10 mm, kila modeli na yake. Pima kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya chuma vya kupimia mwanya, pistoni ikiwa juu na valvu zote mbili zimefungwa. Fila geji ipite kwa kukwaruza kidogo. Ukishaseti, kaza nati huku umeishika skrubu isizunguke, halafu pima tena, kwa sababu mara nyingi husogea wakati wa kukaza.