Kikao cha afya ya akili kwa simu ukiwa nyumbani: chumba, stendi, na Bluetooth (zima Bluetooth!)

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Ni mwenzenu yuleyule, muuza stendi za simu wa Ngamiani hapa Tanga, Barabara ya Nane. Leo siuzi. Basi, nitauza kidogo. Mnakumbuka kwenye ile video ya chaja feki niliteleza nikasema mwenzenu natibiwa sonona na vikao vyangu vingi nafanya kwa simu? Tangu siku ile ujumbe haukauki. Unaongea ukiwa wapi? Mumeo hasikii? Wifi zako je?

Walisikia. Baraza zima lilisikia. Tutafika hapo, na mtacheka, nami nimesharuhusu mcheke.

Kwanza simu. Chaji iwe imejaa, bando lipo, umefuta picha za arusi ya mwaka juzi ili simu isikwamekwame. Haya mnayajua, tusonge.

Miadi sasa. Hapa simameni kidogo, maana nilipoteza kikao kizima kwa uzembe wa saa. Nililetewa ujumbe: miadi yako ni 10:00. Mwenzenu nikasoma saa kumi. Saa kumi jioni nimeoga, nimejifunga kanga safi, nimekaa mbele ya simu kama bibi harusi. Kimya. Kumbe ile kumi ni ya kompyuta, ni saa nne asubuhi, na saa nne asubuhi mimi nilikuwa dukani nabishana na mteja juu ya kioo. Kwa hiyo ukiletewa saa kwa tarakimu, jibu kwa maneno: “Yaani saa nne asubuhi?” Wakuthibitishie. Usione haya.

Kabla ya miadi kuna jambo lingine, na hili si la mzaha. Hakikisha unayeongea naye ni mtaalamu kweli. Mtandaoni siku hizi kila mwenye sauti laini ni mshauri. Daktari anasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, kwa hiyo muulize namba yake ya usajili. Mwenye nayo haoni tabu kuitaja. Akikasirika, umeshapata jibu na hela yako iko salama. Mimi nilianza uso kwa uso hospitali, nikapimwa, nikaandikiwa dawa, ndipo nikaelekezwa kwa huyu mnasihi wa kwenye simu. Daktari wangu wa dawa naye kuna miezi ananiona kwa video, kuna miezi ananiambia njoo. Ndivyo ninavyopenda, kuchanganya.

Ngoja. Jogoo wa jirani. Ngoja anyamaze. Haya.

Kuna mjomba mmoja aliniandikia kwamba tiba mtandao ni mambo ya kuja juzi na corona. Mjomba, mwaka 1959 huko Nebraska, Marekani, madaktari wa akili walikuwa wanaendesha vikao vya vikundi kwa runinga: mgonjwa upande huu, daktari upande ule, waya katikati, wanaonana na kusikizana. Runinga za wakati ule, zile za kichogo! Mwaka 1964 wakaunganisha na hospitali iliyo umbali wa kilomita kama 180. Sababu yao ndiyo yetu: wataalamu wachache, nao wako mjini. Sisi mkoa huu tuna Lutindi huko milimani Usambara, hospitali ya akili ya tangu enzi za Mjerumani, na tuna hospitali ya Bombo hapa mjini. Lakini mwulize mtu wa kijijini Kilindi nauli ya kuja Bombo, na siku ngapi za shamba zimepotea, na nani anabaki na watoto. Halafu akifika, kikao chenyewe nusu saa.

Chumba. Hapa ndipo kwenye kazi.

Nyumba zetu mnazijua. Ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na wengi hatujapiga silingbodi. Ukuta unapanda, unaishia, halafu juu ni wazi mpaka kwenye bati. Mlango unafunga kwa komeo, pazia unashusha, halafu sauti inapanda inapita juu ya ukuta na kushuka chumba cha pili kama paka. Angalieni, nawaonyesha kwa kamera… pale, mnaona ule mwanga? Ule ni mwanga wa chumba cha mama mkwe.

Nimejaribu mengi. Nilijaribu Raskazone, nikakaa chini ya mti natazama bahari, raha tupu, mnasihi wangu akawa anasikia upepo tu, fuuu, fuuu. Nilijaribu ndani ya bajaji ya kaka yangu, ikiwa imeegeshwa. Ilikuwa nzuri mpaka akaja abiria. Sasa nafanya hivi: kitanda nimekisogeza kona ya mbali na chumba cha mama mkwe, godoro la watoto nimelisimamisha ukutani linameza sauti, na redio naiweka nje ya mlango, si ndani. Wengi wanaiweka ndani, wanajisumbua wenyewe. Ikiwa nje, anayepita ukumbini anasikia redio na wewe unasikia kikao. Mvua ikianza kupiga bati, ahirisha. Hakuna ujanja hapo.

Na tuna neno letu la siri. Mtu akifungua mlango ghafla, mimi nasema, “Hizo stendi ni elfu tano.” Mnasihi anajua hapohapo: kuna mtu. Ananyamaza au anaanza kuniuliza bei. Siku moja aliingia wifi yangu, nikasema stendi elfu tano, na wifi naye akasema, “Mbona mimi uliniuzia elfu saba?” Hayo tuliyamaliza nyumbani.

Nyuma yako tundika kanga, ifiche nguo na ndoo. Ila soma jina lake kwanza! Mimi nilitundika ya “Hasidi hana sababu”, na dakika kumi za mwanzo mnasihi ananiuliza hasidi ni nani. Nilipomwambia ni kanga tu, akauliza kwa nini nimechagua hiyo. Wale watu hawaachi kitu.

Mwanga: kaa uso kwa uso na dirisha. Tusonge.

Stendi. Hii hapa, mbao ya mninga, mabaki ya karakana ya mume wangu, amezipiga msasa mwenyewe. Elfu tano, mikoani natuma kwa basi. Siisifu kwa kuwa nauza. Ukishika simu mkononi daktari anaona pua yako na bati. Ukiiweka kwenye stendi, urefu wa macho, hatua moja kutoka ulipokaa, anaona uso, mabega na mikono. Mikono ni muhimu. Daktari wangu kila mara ananiambia nyoosha mikono mbele, tandaza vidole. Anatazama kama vinatetemeka, maana kuna dawa zinatetemesha. Mara ya kwanza nilikuwa nimeshika simu, nikanyoosha mikono, simu ikaenda chini ya kitanda na daktari naye.

Oh! Imeanguka. Hapana, hiyo siyo stendi, ni meza. Meza ndiyo mbovu. Tuendelee.

Sasa Bluetooth. Naomba kila mtu aache anachofanya.

Kikao changu cha pili. Mlango nimefunga, redio nje, spika za masikio nimevaa, zile za waya. Naona mdomo wa mnasihi unacheza, sisikii kitu. Nadhani ni mtandao. Mtandao wetu nao ni waja leo waondoka leo. Nami naongea, nasema, “Nakusikia kwa shida, ila niendelee tu,” na nikaendelea. Nikasema yote. Nilivyokuwa silali tangu mama afariki. Nilivyokuwa nakaa dukani nalia nyuma ya kabati la makava. Kumbe simu imejiunganisha na ile spika kubwa ya mume wangu, aliyokuwa ameitoa barazani anasikiliza mpira. Sauti yangu haikutoka huko, alhamdulillahi, ya kwangu inakwenda kwa mnasihi. Iliyotoka barazani ni sauti ya mnasihi. “Pole sana. Na hayo mawazo ya kutamani usiamke, yanakujia mara ngapi kwa wiki?” Barazani kulikuwa na wanaume sita na kahawa.

Mume wangu aliingia hajasema neno. Akakaa kitandani, pale pembeni, nje ya kamera. Sikuwa nimemwambia kiasi hicho. Ndipo nikajua.

Kwa hiyo: shusha kidole kutoka juu ya skrini. Mnaona hii alama? Izime. Isiwe rangi ya bluu. Kisha ingia kwenye mipangilio utazame tena, kwa sababu simu nyingine ukizima kule juu zinakata kwa muda tu, baadaye zinajiwasha zenyewe. Na ukiweza, iambie simu iisahau ile spika moja kwa moja. Halafu kabla ya kusema lolote la maana, mwambie mnasihi, “Hesabu moja mpaka tano,” usikie kwenye masikio yako mwenyewe. Usiposikia, usiendelee. Mimi niliendelea.

Spika za masikio zenyewe ziwe za waya. Narudia, za waya. Zisizo na waya ni Bluetooth hiyohiyo.

Kikao kikianza, usishangae swali la kwanza: “Uko wapi sasa hivi?” Sio umbea. Anataka mtaa hasa, na namba ya mtu wako wa karibu, ili hali ikiwa mbaya ajue amtume nani na wapi. Mpe ukweli. Mimi nilimpa namba ya kaka wa bajaji, kwa kuwa ndiye mwenye usafiri. Pia kubalianeni simu ikikatika nani anapiga. Sisi yeye ndiye anapiga, mimi nasubiri dakika tano. Mkipigiana wote kwa pamoja mtasikia “inatumika” mpaka kesho. Na video ikigoma, msilazimishe, hamieni sauti tupu. Kwangu sauti inakula bando kidogo sana, na kuna mambo ni rahisi kuyasema mtu asipokutazama.

Utaletewa na yale maswali tisa ya kupima sonona. Kila moja linauliza wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, kukosa raha na vitu. Unajibu sifuri mpaka tatu, sifuri ni hapana kabisa, tatu ni karibu kila siku. Jumla kubwa kabisa ni 27. Mimi nilianza na 19. La tisa ndilo linalouliza habari za kutamani kufa au kujiumiza. Watu wanaliruka au wanaweka sifuri kwa aibu. Usiweke sifuri ya aibu. Na kama ni leo, ni sasa hivi, wewe au mtu wako, usisubiri miadi wala usiniandikie mimi, muuza stendi. Asiachwe peke yake, mpelekeni hospitali iliyo karibu. Kwa watoto kuna namba 116, ni bure.

Dawa: piga picha boksi mbele na nyuma, umtumie daktari, maana majina yale ukiyatamka wewe yanakuwa mengine. Mwambie na za miti shamba. Mimi shangazi yangu alinisomea kombe nikanywa, nikamwambia daktari, wala hakunigombeza, aliuliza tu ndani kulikuwa na nini. Usiache dawa kwa kuwa wiki ya kwanza huoni mabadiliko, zangu zilichukua wiki kadhaa. Na kuna vitu simu haiwezi. Haichomi sindano, haipimi damu. Wapo wanaotumia dawa ya akili iitwayo lithium, hao damu lazima ipimwe. Ukiambiwa njoo, nenda.

Mwisho wa maandalizi, ujumbe. Fanya maneno yasijitokeze kwenye skrini ikiwa imefungwa, na zile picha za dawa zisijihifadhi kwenye albamu ambayo watoto wanachezea. Kurekodi kikao, ni mpaka mkubaliane, wewe na yeye pia. Taarifa zako ni zako, tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2022, muulize anazihifadhi wapi.

Eh, saa kumi kasoro dakika saba. Saa kumi ya jioni, nilithibitisha. Kikao changu hicho, video naikata hapa. Wa stendi namba zipo chini, elfu tano, wifi yangu usiandike kitu.

Redio nje. Komeo. Godoro. Waya huu hapa. Ngoja niwaonyeshe mara ya mwisho, nashusha kidole… ya bluu. Mnaona? Iko ya bluu! Nimeiwasha saa ngapi hii? Baba Zuwena! Baba Zuwena, hebu zima hiyo spika huko nje!