Seli B na nyumba zao ndani ya bandama

Ndugu wauguzi, mama na baba wenye watoto wa SS, yaani wenye ugonjwa wa selimundu, karibuni. Sogeeni mbele kidogo. Hii ni bandama ya ng'ombe, nimeinunua leo asubuhi soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Nimeikata kwa kisu. Ndani ya wekundu mnaona vidoa vyeupe, vidogo kama punje za ulezi? Wekundu huchuja damu: seli zilizochakaa, na zile zenye malaria, hunaswa hapo. Vidoa vyeupe ni makazi ya askari wa mwili, na wengi wao ni seli B.

Tulifundishwa kwamba kazi ya seli B ni kutoa kingamwili, protini zinazonasa vijidudu. Ni kweli, ila haitoshi. Vichuguu vya Katanga mnavijua, udongo wake tunafyatulia matofali. Mchwa hawahamii kichuguu kilichokwisha jengwa, wanakijenga wenyewe. Seli B ni hivyo hivyo. Juu yake imebeba protini iitwayo limfotoksini. Ikigusa seli za kiunzi cha bandama, hizo huanza kutoa kemikali ya CXCL13, inayoita seli B nyingine na kuzifanya zibebe limfotoksini zaidi. Panya waliozaliwa bila seli B hukosa kiunzi hicho, ukingo wa doa jeupe huvurugika, na hata mtaa wa seli T, askari wa aina nyingine, hudhoofika. Hili la mwisho linanishangaza hadi leo: jirani anakosa makao kwa sababu fundi hakuja.

Kwenye ukingo huo, damu inapoingia, hukaa seli B zinazowahi bakteria wenye ganda la sukari, kama nyumokoko, bakteria wa nimonia. Kwa mtoto wa chini ya miaka 2 bado hazijakomaa. Kwa mtoto wa SS, seli nyekundu za damu zilizopinda kama mundu huziba mishipa ya bandama, tena na tena, mpaka inabaki kovu. Ndiyo maana tunampa penisilini asubuhi na jioni hadi miaka 5, pamoja na chanjo, na homa yake ni ya hospitali saa ile ile, hata usiku.

Mama mmoja ameniuliza mlangoni kama aache dawa, maana tumbo la mtoto limenywea na bandama haishikiki tena. Usiache, mama. Kwa mtoto wa SS, bandama isiyoshikika mara nyingi ni ile iliyokwisha kukauka.