Tarehe ya Sindano: Kuishi na Saratani ya Tezi Dume Iliyosambaa

ATUPELE: Karibuni, wasikilizaji wetu wa Mbeya, Iringa, Njombe na kwingineko. Leo tunazungumzia saratani ya tezi dume iliyokwisha kufika kwenye mifupa, na hasa kwa nini mzee aliyeanza sindano, maumivu yakatulia na akarudi shambani, hapaswi kuiacha tarehe yake ya kliniki ipite.

LUSEKELO: Asante, dada Atupele. Saratani hii hustawishwa na testosteroni, homoni ya kiume inayotengenezwa zaidi kwenye korodani. Tangu daktari mtafiti Charles Huggins alipoonyesha mwaka 1941 kwamba kuipunguza homoni hiyo kunaurudisha ugonjwa nyuma, tiba imesimama juu ya msingi huo: ama korodani zinaondolewa kwa upasuaji, ama mgonjwa anachomwa sindano kama ya goserelini, ambayo ni punje ya dawa inayowekwa chini ya ngozi ya tumbo na kufanya kazi kwa siku 28 au wiki 12, kulingana na kipimo cha dawa. Dawa ikiisha, homoni huweza kupanda tena na ugonjwa ukaamka, kwa sababu ulikuwa umezuiwa tu.

ATUPELE: Kwa hiyo PSA, kile kipimo cha damu cha kufuatilia saratani hii, ikishuka tunafurahi, lakini tiba inaendelea. Hata hivyo, kaka Lusekelo, nauli ya kutoka Makete au Rungwe mpaka hospitali ya rufaa si ndogo, na wanaoahirisha sindano wengi wao si wazembe. Natamani kila familia imuulize daktari waziwazi: je, ile ya wiki 12 inapatikana? Je, upasuaji hautatufaa zaidi?

LUSEKELO: Upasuaji unawatisha wengi, lakini hamu ya tendo la ndoa hupungua kwa njia zote mbili. Mke asiyeelezwa hudhani ameachwa kimyakimya. Ni vyema waingie wote wawili kwa daktari.

ATUPELE: Halafu kuna lile joto. Usiku wa Julai hapa Mbeya, nyumba nzima imejifunika mablanketi, baba anavua sweta, jasho linamtiririka shingoni, na baada ya dakika chache anatetemeka kwa baridi. Watu hukimbilia kusema ni malaria, kumbe mara nyingi ni homoni iliyoshuka. Kipimajoto kikionyesha homa, hapo apimwe.

LUSEKELO: Tiba hii pia hudhoofisha mifupa na misuli. Kutembea kila siku kunasaidia, ila gunia la viazi wabebe vijana. Na mofini ya maji isiogopwe: hutolewa ili mtu alale na kula bila maumivu, wala si dalili kwamba ameshakatiwa tamaa. Kwa kuwa hufunga choo, aombe na dawa ya kulainisha.

ATUPELE: Ni wakati gani hatupaswi kusubiri tarehe ya kliniki?

LUSEKELO: Maumivu mapya ya mgongo yakiambatana na miguu kulegea, ganzi sehemu za siri au mkojo kushindikana, aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, kwa sababu huenda uvimbe unaubana uti wa mgongo, na aliyekwisha kupooza ni vigumu kusimama tena.

ATUPELE: Mkifika mapokezi, semeni kwanza kwamba ana saratani ya tezi dume, na kadi yake ya kliniki iwe mkononi.