Ukungu wa pampu na nyanya za jirani

(Mazungumzo na wakulima, Njoro, Kaunti ya Nakuru)

Wazee wangu, akina mama, vijana, hamjambo. Tuanze na hii pampu ya lita 20. Kijana, ipige kwa nguvu. Mnaona? Ukungu mtupu. Wengi mnaupenda, mnasema dawa imeenea. Kwa wadudu, sawa. Kwa dawa ya magugu, hapo ndipo ugomvi na jirani huanzia.

Tone ukilipasua hadi upana wake uwe nusu, hupati mawili, unapata manane. Na madogo hayana haraka ya kuanguka. Tone la maikroni 400 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) likitoka mita 3 juu hufika chini kwa sekunde 2 hivi. La maikroni 100, unene wa unywele, kama sekunde 10. La 20, zaidi ya dakika 4, na muda wote huo linabebwa na upepo. Jua la saa nane nalo hulikausha, likazidi kuwa jepesi. Basi nunueni nozeli, yaani kichwa cha kunyunyizia, yenye matone makubwa, msipige pampu kwa hasira, na mdomo wake ushuke karibu na magugu.

Sasa mtaniambia: "Mwalimu, sisi hupiga alfajiri, hata jani halitikisiki." Hapo nataka tukae kidogo. Usiku ardhi hupoa, hewa baridi ikalala chini, ya joto ikaifunika kama kifuniko cha sufuria. Tazama moshi wa jikoni saa hiyo: hupanda kidogo, kisha hujilaza na kutambaa hadi kwa watu. Matone madogo hufuata njia hiyo hiyo. Bora kaupepo kepesi, kilomita 3 hadi 15 kwa saa, kakielekea pasipo na mimea ya mtu.

Mama mmoja aliniita nione nyanya zake zina ugonjwa gani. Majani yalikuwa membamba kama kamba za viatu, mashina yamejipinda. Alikuwa ameshanunua dawa ya wadudu mara mbili, maskini. Ng'ambo ya ua kulikuwa na ngano iliyopigwa dawa ya magugu iitwayo 2,4-D, na mistari iliyoumia zaidi ni ile ya upande huo. Nyanya huiogopa dawa hiyo hata ikiwa kidogo sana.

Naam, mzee, swali?

"Na siku moshi ukikataa kupanda mpaka saa nne?"

Basi utaanza saa nne, mzee wangu.